Kwa nini taa haizimwi mchana: mota iliyogeuzwa jenereta na maji yanayopanda mlima

Nilinyoosha mkono kuzima taa, mama mwenye nyumba akaniwahi. "Acha hiyo, baba. Ukizima hizo zote, zitakazobaki zitaungua." Ilikuwa saa saba mchana, katika bonde moja la Makete, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, na balbu nne za zamani, zile za waya unaowaka, zilikuwa zinang'aa barazani kwenye jua kali. Nilidhani ni imani tu. Baadaye mume wake alinishusha hadi mtoni kuona mtambo wake, na nikagundua kwamba mama yule alikuwa amenieleza kanuni ya uhandisi kwa sentensi moja.

Kule mtoni palikuwa na bomba linaloteremka kutoka banio, gurudumu la chuma lenye mapanga, puli mbili, mkanda, na mota. Mota yenyewe ilitoka kwenye mashine ya kukoboa mahindi iliyokufa, ikanunuliwa skrepa Makambako. Ilikuwa imekula umeme maisha yake yote, na sasa inautoa. Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Mota inazungushwa na umeme, hilo tunalijua. Lakini je, ukiizungusha wewe, umeme unatoka wapi?

Kwa dinamo ya baiskeli jibu ni rahisi, kwa sababu ndani yake kuna sumaku. Tangu Michael Faraday alipoonyesha mwaka 1831, inajulikana kwamba sumaku ikipita karibu na koili, umeme huzaliwa ndani ya waya. Mota ya mashine ya kusaga au kukoboa haina sumaku. Ifungue uone: nje kuna koili za shaba zilizosukwa kwenye chuma, na katikati kuna rota, pande la chuma lenye fito za alumini zilizounganishwa kama tundu la kuku. Hakuna waya unaoingia kwenye rota, hakuna brashi, hakuna sumaku. Ndiyo maana mota hizi hazichakai haraka, na ndiyo maana zimejaa skrepa zikiwa bado nzima wakati mashine iliyozibeba imeshaoza.

Zinavyofanya kazi ni hivi. Umeme wa fezi tatu ukiingia kwenye koili za nje, hutengeneza uga wa sumaku, yaani eneo lenye nguvu ya sumaku, nao huzunguka. Kwa mota ya kawaida, ambayo uga wake una ncha nne za sumaku, na umeme wetu wa hezi 50, yaani unaorudia wimbi lake mara 50 kwa sekunde, uga huo huzunguka mara 1,500 kwa dakika. Rota huukimbiza, lakini haiufikii kamwe. Kama ingeufikia, fito zake zisingekatizwa tena na sumaku, nguvu ya kuivuta ingekwisha, nayo ingerudi nyuma kidogo. Kwa hiyo inaufuata kwa kuchelewa, na ndiyo sababu kibao cha mota kinaandika 1,440 au 1,420, si 1,500. Hicho kipande kinachopungua ndicho kinachofanya kazi ya kukoboa.

Sasa chukua rota ile ile, uisukume kwa nguvu ya maji mpaka iupite uga wa sumaku. Badala ya 1,440, iende 1,560. Uhusiano unageuka. Kwanza uga ulikuwa unamvuta rota aliyechelewa. Sasa rota ndiye anayeuvuta uga uliochelewa, na nguvu iliyokuwa ikiingia kwa nyaya inaanza kutoka kwa nyaya zile zile. Hakuna kilichobadilishwa ndani. Chuma ni kile kile na shaba ni ile ile. Tofauti yote kati ya mla umeme na mzalishaji ni mizunguko mia moja na ushee kwa dakika.

Hapa ndipo mafundi wengi waliojaribu wenyewe walikosea, na ninalitaja kwa uchungu kwa sababu nimeona mitambo mizuri ikilaumiwa bure. Mtu anasoma 1,440 kwenye kibao, anakokotoa puli zake vizuri kabisa ili mota izunguke 1,440, kisha anapata umeme dhaifu wa hezi 46 au 47, au hapati kitu. Anasema mota mbovu. Mota haina kosa. Kibao kinaeleza kasi yake inapotumia umeme. Ikizalisha lazima ivuke 1,500 kwa takriban kiasi kile kile ilichokuwa ikipungukiwa. Toa 1,440 kwenye 1,500 unapata 60, ongeza 60 juu ya 1,500. Hesabu ya darasa la tatu, lakini bila kuijua unaweza kubadilisha puli mwaka mzima.

Bado kuna fumbo. Uga wa sumaku huzaliwa na umeme ulioko kwenye koili. Kijijini ambako waya wa TANESCO, shirika la umeme, haujafika, umeme wa kwanza unatoka wapi? Unatoka kwenye kumbukumbu ya chuma. Mota iliyowahi kufanya kazi hubaki na masalia ya sumaku kwenye rota yake, kidogo sana, lakini si sifuri. Rota ikizungushwa, masalia hayo huzaa volti chache tu kwenye koili. Peke yake hazifai kitu. Zikiunganishwa na kapasita, kifaa kinachotunza umeme kwa muda mfupi na kuurudisha, volti zile chache huisukuma mikondo ndani ya kapasita, kapasita huirudisha kwenye koili kwa wakati unaoongeza sumaku, sumaku iliyoongezeka huzaa volti zaidi, na zile huongeza sumaku tena. Ndani ya sekunde chache sindano ya kipima volti inapanda kutoka 5 hadi 230. Chuma kinaposhiba sumaku, ndipo inatulia. Njia hii si uvumi wa mtandaoni. Wahandisi wawili wa Marekani, Bassett na Potter, waliiandika kitaalamu mwaka 1935, na tangu hapo imetumika kwenye mito midogo duniani kote.

Kapasita ziwe zile za mota za kukaa kwenye umeme muda wote, zenye uwezo wa volti 400 na zaidi. Zile fupi nene za kuwashia mota tu zinahimili sekunde chache. Ukiziacha kazini zinavimba na kupasuka, na nimeona ukuta wa mabati uliotobolewa na moja wapo. Tena kapasita hubaki na umeme hata mtambo ukisimama. Aliyezizoea huzikutanisha miguu kupitia balbu kabla ya kuzigusa, kila siku, hata akiwa na haraka.

Kwa mwenye mota ya fezi tatu anayetaka kuwasha nyumba kwa fezi moja, mafundi hutumia kapasita mbili tu, ya pili ikiwa na ukubwa mara mbili ya ile ya kwanza, kila moja kwenye koili yake, na mzigo wa nyumba, yaani vifaa vyote vinavyotumia umeme, unaunganishwa upande mmoja. Hapo mota hutoa kama asilimia 80 ya uwezo ulioandikwa. Ukipeleka zaidi, jambo la ajabu linatokea: umeme unakufa wote. Mzigo ukizidi, sumaku inanyonywa, volti zinaanguka, na kila kuanguka kunaipunguzia kapasita uwezo wa kuijenga tena. Hata nyaya zikigusana, mtambo hauungui, unajizima. Ni usalama ambao dinamo yenye sumaku ya kudumu haina. Ubaya wake ni kwamba ukizimika hivyo, kumbukumbu ya chuma inaweza kufutika, na kesho yake maji yanazunguka lakini taa haiwaki. Dawa ni kusimamisha mtambo na kugusisha betri ya gari ya volti 12 kwenye koili moja kwa sekunde chache. Chuma kinakumbuka tena.

Turudi kwenye taa za mchana. Maji hayajui kama umewasha redio au umelala. Yanashuka kwenye bomba kwa nguvu ile ile usiku na mchana, na nguvu hiyo lazima ipate pa kwenda. Taa zikiwa zimewaka, zinaishika rota na kuizuia isikimbie, kama breki. Ukizima nusu ya taa, breki imelegea nusu, gurudumu linaongeza kasi, volti zinapanda, na balbu zilizobaki zinakula umeme mwingi kuliko zinavyoweza. Ukizima zote, gurudumu linaweza kufika karibu mara mbili ya kasi yake ya kawaida. Mitambo mikubwa, kama ule wa Mwenga kule Mufindi wenye megawati 4, ina vifaa vya kurekebisha maji yanayoingia. Mtambo wa kijijini hauna. Balbu nne barazani kwa yule mama ndizo zilikuwa breki.

Kuhusu maji yenyewe, kuna hesabu moja tu ya kujua, na inatosha. Zidisha lita zinazopita kwa sekunde moja kwa mita za mteremko, kisha zidisha kwa 9.8. Hizo ndizo wati zilizomo ndani ya maji. Kwa mtambo uliouchomelea mwenyewe, tarajia nusu yake. Mfereji unaojaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde mbili una lita 10 kwa sekunde. Ukiushusha mita 20 unapata wati 1,960 za maji, na nyumbani zitafika kama 980. Kwa balbu za kisasa za wati 9, hizo ni balbu mia moja na zaidi, yaani kitongoji kizima. Lakini kwa mashine ya kusaga ya kilowati 7.5 hazisogei kokote. Watu wengi wamevunjika moyo si kwa sababu mtambo umeshindwa, bali kwa sababu waliutarajia usage.

Mteremko hupimwa kwa mpira mwangavu wenye maji, ule ule anaoutumia fundi mwashi kusawazisha msingi, ukipanda mlima hatua kwa hatua na fimbo yenye urefu unaoujua. Nyanda za juu kusini zimebarikiwa hapo. Uwanda wa Kitulo uko juu ya mita 2,600, Ziwa Nyasa liko mita 475 hivi, na kati yao si mbali. Maji yanayoanguka kiasi hicho ni mali.

Gurudumu ndilo lenye ubunifu mwingi. Penye mteremko mrefu na maji kidogo, watu hutumia gurudumu la vijiko, lililosajiliwa kama uvumbuzi na Lester Pelton wa Marekani mwaka 1880. Kijijini vijiko hivyo huwa vya alumini iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye mchanga, na nimeona hata miiko ya chuma imechomelewa kuzunguka rimu. Penye maji mengi na mteremko mfupi, kuna gurudumu linalopitisha maji katikati, nalipenda kuliko yote kwa sababu mapanga yake ni bomba la chuma lililopasuliwa kwa urefu. Mviringo wa bomba unakuwa ndio mviringo wa panga. Fundi mwenye grenda, mashine ya kuchomelea na subira anaweza kulitengeneza. Wengine hununua pampu ya maji na kuiendesha kinyume, maji yakiingia palipokuwa pa kutokea. Inafanya kazi, ila pampu hiyo hudai maji mengi na mteremko mkubwa kuliko ulioandikwa kwenye kibao chake.

Wanaoanza na jenereta ya gari, ile inayochaji betri, hukutana na matatizo mawili. Kwanza inataka kasi kubwa. Kwenye gari huzungushwa mara mbili au tatu ya kasi ya injini, na gurudumu la mtoni mara nyingi linatoa mizunguko mia chache. La pili ni la waya, na ndilo linaloua mitambo mingi. Tuseme inatoa volti 14 na ampea 20. Nyumba iko mita 100 kutoka mtoni, umetumia waya wa milimita 2.5. Kwenda na kurudi ni mita 200, na kuzisukuma ampea 20 kwenye waya huo kunahitaji volti 28. Unazo 14. Umeme wote unaishia njiani kama joto, nyumbani panabaki giza, na mtu anaapa kwamba mto hauna nguvu. Nguvu hiyo hiyo kwa volti 230 ni ampea moja na robo hivi, na njiani zinapotea volti mbili tu.

Sasa niseme jambo ambalo limewagharimu watu fedha. Kila baada ya muda anatokea mtu na "jenereta isiyotumia mafuta": mota inazungusha jenereta, jenereta inaendesha mota, na eti inabaki ziada ya kuwasha nyumba. Video zake zinasambaa, na vijana wenye vipaji vya kweli wanapoteza akiba zao kuinakili. Hesabu haikubali. Ukiipa mota wati 100, nzuri itatoa kama 80 kwenye shafti, na jenereta ya gari itarudisha kama 50. Mzunguko wa pili una 25. Betri iliyofichwa au iliyowekwa wazi kama "ya kuwashia" ndiyo inayolipa, na ikiisha, mashine imeisha. Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kiliamua mwaka 1775 kutopokea tena mapendekezo ya mashine za namna hiyo. Ukiletewa mtambo wowote, uliza nani analipa. Mto wa Makete unalipwa na mvua iliyopanda angani kwa jua. Kama mwenye mtambo hawezi kukuonyesha mlipaji, usitoe hata shilingi.

Nasisitiza swali hilo kwa sababu kuna mashine nyingine inayoonekana kama uongo na si uongo: hidramu, pampu inayopandisha maji mlimani bila mafuta, bila umeme, bila mtu. Wilaya za Rungwe na Ludewa ziko mahali ambapo ingefaa sana, mto ukiwa bondeni na nyumba, ng'ombe na miche ya parachichi ikiwa juu. John Whitehurst wa Uingereza alitengeneza ya kwanza mwaka 1772, ikihitaji mtu wa kufungua na kufunga bomba. Joseph Montgolfier wa Ufaransa, aliyekuwa ameshatengeneza baluni ya hewa moto na mdogo wake, aliifanya ijiendeshe mwaka 1796.

Maji yanateremka kwenye bomba refu na kumwagika kupitia valvu iliyo wazi. Yakishika kasi, yanaifunga valvu ghafla. Umewahi kusikia bomba la nyumbani likigonga unapofunga koki kwa haraka? Kishindo hicho ni maji yaliyokuwa mbioni yakigonga ukuta. Ndani ya hidramu, kishindo kinafungua valvu ya pili na kusukuma maji kidogo kwenye chupa ya hewa, na hewa iliyobanwa inayapandisha mlimani. Shinikizo likipungua, valvu ya kwanza inaanguka wazi, na yote yanaanza upya, mara 40 hadi 90 kwa dakika, siku zote. Mlipaji yupo: lita 100 zikishuka mita 4, zinaweza kupandisha kama lita 6 hadi mita 40, na 94 zinarudi mtoni. Ni lita 6 ambazo mtoto wa kike hazibebi kichwani.

Unaweza kuiunda kwa vifaa vya dukani vya fundi bomba na valvu mbili za njia moja, moja ikipinduliwa na kuongezewa uzito. Kosa la kawaida ni chupa ya hewa. Hewa huyeyuka kidogo kidogo ndani ya maji, baada ya wiki kadhaa chupa imejaa maji, vishindo vinakosa mto wa kulalia na bomba linapasuka. Dawa ni tyubu ya baiskeli, iliyojazwa upepo kiasi na kukunjwa ndani ya chupa kabla ya kuifunga. Hewa iliyofungwa kwenye mpira haiyeyuki.

Karatasi pia zipo. Kutumia maji ya mto kwa mtambo kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde, na kwa bahati ofisi ziko huku huku: ya Ziwa Nyasa ipo Tukuyu, ya Rufiji Iringa, ya Ziwa Rukwa Mbeya. Kwa umeme, sheria ya mwaka 2008 haimdai leseni mzalishaji wa chini ya megawati 1, ingawa ukianza kuuzia majirani, EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, lazima wakufahamu. Kwa ushauri wa ufundi, SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana karakana, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kina wanafunzi wanaotafuta kitu halisi cha kupimia.

Na pima maji mwezi Oktoba. Mwezi Machi kila kijito kinajigamba. Kipimo cha kiangazi ndicho kitakachowasha taa yako mwaka mzima.

Nilirudi kwa yule mama mwezi Julai, baridi ikiwa imekaza, na barazani hapakuwa na taa inayowaka. Mume wake alikuwa amepata kifaa cha elektroniki kinachotazama volti na kupeleka ziada yote kwenye hita iliyozamishwa ndani ya pipa. Taa zikizimwa, hita inapokea. Zikiwashwa, hita inaachia. Rota haihisi tofauti. Niliuliza kama naweza kuzima taa ya chumba nilicholala. "Zima tu," akasema, "maji ya kuoga yatawahi kuchemka."